Maji ya Mbwa Njiani: Ni Sadaka au Ni Deni?

Kijana mmoja wa Ufipa, aliyeingia katika Islam si zamani, ametuletea swali ambalo kwa juu laonekana dogo, na huenda baadhi ya wasomaji wakatabasamu walisomapo. Asema kwamba anaye mbwa mmoja alindaye mahindi yake dhidi ya nyani na nguruwe mwitu, na kwamba mbwa huyo humfuata kila aendapo safari ya miguu kutoka Sumbawanga kwenda kwa jamaa zake walioko Bonde la Rukwa. Tangu kusilimu kwake watu wawili wamemwambia mambo mawili. Wa kwanza amemwambia kuwa Mwislamu hana ruhusa kabisa ya kufuga mbwa, basi amfukuze. Wa pili, ambaye ni mpole zaidi, amemwambia kuwa aweza kumweka, lakini kumlisha na kumnywesha njiani ni hisani tu: akipenda atampa, asipopenda hana lawama, kwa kuwa mbwa hujitafutia mwenyewe. Kijana auliza: maji hayo nimpayo mbwa wangu njiani ni sadaka, au ni deni?

Mimi sikutabasamu niliposoma barua hiyo, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye, ingawa hainipi sifa.

Neno la huyo wa kwanza lataka jibu fupi tu. Katika Sura Al-Maida ya Kurani Tukufu, Mwenyezi Mungu amewahalalishia waaminio nyama ya windo walilokamatiwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na mbwa ndiye wa kwanza katika hao. Yawezekanaje kitu kikahalalishwa matunda yake na kikaharimishwa chenyewe? Tena Mtume Muhammad (s.a.w.), alipowaonya watu wasifuge mbwa ovyo majumbani, aliwatoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, mbwa wa mifugo na mbwa wa shamba. Mbwa wa kijana wetu yumo humo waziwazi. Basi asimfukuze.

Lakini neno la huyo wa pili ndilo lenye hatari, maana lafanana na ukweli. Hapa yatupasa kutulia kidogo.

Wengi wetu twaijua hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahihi Bukhari, ya mtu aliyekuwa njiani akashikwa na kiu kali. Alikuta kisima, akateremka, akanywa, akatoka. Alipotoka alimwona mbwa akitweta na kula udongo wenye umande kwa sababu ya kiu. Yule mtu akatambua kwamba mbwa amefikwa na yale yale yaliyomfika yeye muda mfupi uliopita. Akarudi kisimani, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno apate kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akaipokea kazi yake na kumsamehe dhambi zake. Masahaba walipouliza kama katika wanyama nako kuna thawabu, Mtume (s.a.w.) aliwajibu kwamba iko thawabu katika kila kiumbe chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo wahubiri huipenda, nami nimeihubiri mara nyingi. Lakini angalia, ndugu msomaji, yule mbwa hakuwa wake. Hakumleta pale. Kama angalipita zake, pengine hakuna ambaye angalimwita mdhalimu. Alilofanya ni ziada juu ya wajibu, ndiyo maana likawa na ujira mkubwa hivyo. Basi anayeishika hadithi hii peke yake, na kusema kwamba kumnywesha mbwa ni sadaka, ameshika nusu ya habari.

Nusu ya pili imo katika hadithi nyingine, ambayo hatuihubiri mara nyingi kwa kuwa yatutisha. Ni ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake limeelezwa kwa uangalifu wa ajabu: alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie vijidudu vya ardhini. Fikiri juu ya mambo hayo mawili yaliyowekwa pamoja. Lau angalimlisha, asingalikuwa na kosa. Lau angalimwacha huru, asingalikuwa na kosa pia, hata kama asingalimpa tonge moja. Kosa lilizaliwa pale alipomziba njia yake ya kujitafutia, kisha asijaze pengo alilolifanya yeye mwenyewe. Hapo hisani imekwisha, na deni limeanza.

Sasa tumtazame mbwa wa safarini kwa mizani hiyo. Je, amefungwa au yu huru?

Mwenye haraka atasema yu huru, maana hana kamba shingoni. Lakini mbwa akiwa nyumbani ajua dimbwi liko wapi, ajua ni nyumba gani hutupa ukoko wa ugali, ajua kivuli cha saa sita na ufa wa ukuta upitishao upepo. Huo ndio utajiri wake, naye ameukusanya kwa miaka. Umchukuapo mwendo wa kutwa nzima kwenda mahali asipopajua, umemvua utajiri wote huo. Aweza kurudi? Kwa miguu, labda. Kwa moyo, hawezi, kwa kuwa tabia aliyoumbiwa ni kumfuata mtu wake. Kamba yake ni uaminifu wake mwenyewe, na umbali uliomtembeza. Kwangu mimi kamba hiyo ni ngumu kuliko ya katani, maana ya katani aweza kuitafuna.

Nchi ya Ufipa yafundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu. Ambao hamjafika huko yafaa mjue kwamba mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa juu, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake humfanya mgeni kutoka pwani ajute kuacha blanketi. Sehemu kubwa ni majani matupu na mashamba ya matuta, miti ni michache. Mashariki ya mji yapo milima ya Mbizi, na baada ya milima hiyo nchi yakatika ghafula. Huo ndio ukingo uitwao Lyamba lya Mfipa, na chini yake liko Bonde la Rukwa na ziwa lake, karibu mita 1,000 chini ya ulipoanzia. Mtu aanza safari akiwa na koti, aimaliza akiwa amelowa jasho. Mvua husimama kuanzia Mei hivi hadi Oktoba au Novemba, na vijito vingi vya juu hukauka au hubaki matope.

Mimi na wewe tunalo jasho. Mbwa hana, isipokuwa kidogo katika nyayo zake. Njia yake ya kupoza mwili ni kutweta ulimi ukiwa nje, na kila atwetapo maji humtoka kwa mvuke wa pumzi. Kwa hiyo joto lilelile ambalo kwako ni usumbufu, kwake ni upungufu wa maji uendao mbio. Tena yeye karibu na ardhi hupata joto la juu na la chini pamoja. Mbwa wa kilo 15 huhitaji karibu lita moja kwa siku akiwa amelala tu nyumbani. Akitembea juani huweza kuhitaji mara mbili au tatu ya hiyo. Wala usisahau kwamba mwenye mbwa afikapo maili kumi, mbwa amekwenda zaidi, kwa kuwa hutangulia, hurudi, hunusa, hukimbiza panzi, hurudi tena.

Sasa nitatimiza ahadi yangu ya kueleza kwa nini sikutabasamu.

Mwaka wa 2016, mwezi wa Oktoba, nilikuwa na safari ya kwenda vijiji vya bondeni kuwatembelea ndugu wachache. Niliondoka kabla ya alfajiri pamoja na kijana mmoja Mkatoliki aliyekubali kunionyesha njia ya mkato. Mzee mwenyeji wangu alikuwa na mbwa aitwaye Sikujua, maana huko kama kwingine mbwa hupewa majina ya kuwapasha majirani. Sikujua alitufuata. Nilimtupia kijiwe mara moja, akasimama. Tulipokwenda, akaja tena. Nikasema moyoni: ameamua mwenyewe. Milimani karibu na msitu alitubwekea kitu ambacho hatukukiona, nami nilifurahi kuwa naye. Kuanzia hapo sikumfukuza tena.

Tulikuwa na kidumu cha lita tano, na chupa yangu. Sote wawili tulikunywa njiani, wala sikumbuki kumpa mbwa hata mara moja. Nilidhani amekunywa mahali, maana mara kwa mara alipotea majanini. Tulipokuwa tumeanza kuteremka ukingo, jua limekuwa kali, wakati wa Adhuhuri ukaingia. Nikatafuta jiwe bapa, nikatwaa chupa yangu iliyobakiwa na maji kidogo, nikatawadha kwa utaratibu wote niliofundishwa. Sikuacha hata kiungo kimoja. Nilipokuwa nikiosha mguu wa pili nikasikia sauti ya kulamba. Sikujua alikuwa amejilaza kwa tumbo chini ya jiwe, akilamba udongo uliolowa.

Yule kijana akasema kwa sauti ya kawaida tu, bila kunishutumu, "Mwalimu, anakunywa udhu wako."

Kisha akakiinamisha kidumu, akamimina maji yaliyosalia katika mfuniko wa sufuria, akamwekea.

Ndugu msomaji, mimi nilisoma miaka mingi katika chuo cha dini ng'ambo. Hadithi ya mbwa alaye udongo kwa kiu naijua kwa Kiarabu chake na wapokezi wake. Tena nilifanya mtihani juu ya mlango wa tayamamu, nikapasi. Nami nilijua vyema kwamba mtu mwenye maji yanayohitajiwa kwa kunywa huyaacha maji hayo na kutayamamu kwa udongo. Kiu ya nani? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 1277, katika Minhaj ambayo masheikh wa pwani yetu wameisomesha vizazi kwa vizazi, hakusema kiu ya msafiri peke yake. Ametaja kiu ya kila chenye uhai kinachoheshimiwa na sheria, hata ikiwa kiu hiyo haijafika bali yatazamiwa. Na Al-Haskafi wa Damascus, wa madhehebu ya Hanafi, aliyefariki mwaka wa 1677, amemtaja mbwa kwa jina lake: hata kiu ya mbwa wa mtu yatosha kuyazuia maji yasitumiwe kwa udhu. Wanazuoni hawa hawakuwa watu wa kulegeza dini. Wao waliona kwamba Mungu ameweka badala ya maji ya udhu, nayo ni udongo. Lakini hakuweka badala ya maji ya kunywa.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani pale juu ya jiwe. Yule kijana hakuwa nayo. Yeye alikuwa amemtazama mbwa.

Mbwa alikunywa yale kidogo, akatembea hatua chache, akaanza kuyumba. Macho yake yalikuwa kama ya mlevi, na ulimi umekuwa mwekundu wa kuiva. Kijana alimbeba mabegani kama mwana-kondoo, tukateremka kwa zamu mpaka tulipofika kwenye kijito kilichokuwa bado na maji. Tukamlaza kivulini, tukamlowesha tumbo na nyayo, akapona. Siku ya tatu tulimrudisha Sumbawanga kwa gari, nyayo zikiwa zimebabuka. Yule mzee alimshika mbwa wake mdomo, akamtazama fizi, akaniuliza kwa upole ambao bado ninao masikioni, "Mwalimu, kwani mbwa wangu alikunywa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kusema: alitufuata mwenyewe. Nikaona aibu kulisema.

Maana hoja ya "alinifuata mwenyewe" yaonekana na nguvu mpaka uichunguze. Ni kweli kwamba deni la mbwa uliyemwita kwa mluzi ni zito kuliko la mbwa aliyejitokeza. Kama ningalirudi hatua mia mbili nikamkabidhi kwa mzee, deni lisingalinishika kabisa. Lakini sikurudi, kwa kuwa nilikuwa na haraka. Na pale msituni nilipofurahia kubweka kwake, nilikuwa nimekwisha kumwajiri. Anayekubali ulinzi wa mwingine amekwisha kufunga naye mapatano, hata kama hakuna aliyesema neno. Kiswahili chetu chasema ahadi ni deni, wala hakikusema kwamba ahadi ni ya ulimi tu.

Huenda mtu akauliza: je, si kweli kwamba mnyama hujitafutia? Akiwa na kiu si atatafuta maji? Hili lina ukweli kwa mbwa aliye kwake, na nimekwisha kulieleza. Lakini liko jambo jingine ndani ya swali hili, nalo ndilo ninaloliona gumu zaidi. Ni jambo la kujua. Mbwa hasemi. Atakufuata mpaka aanguke, wala hataketi njiani kudai haki yake kama mchukuzi wa mizigo. Kwa hiyo mwenye mbwa daima anao udhuru ulio tayari: sikujua. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na kiu ya mwenzio, hasa mwenzio asiye na lugha, haina uzito wowote begani mwako. Yule mtu wa kisimani alikuwa amekwisha kunywa, tumbo lake limejaa, na bado aliikumbuka kiu yake ya dakika chache kabla, akaitumia kama kipimo cha kiu ya mwingine. Mimi nilikuwa nimekunywa nikasahau. Tofauti yetu haikuwa katika elimu.

Basi kutojua kuna namna mbili. Iko ya mtu asiyeweza kujua, na huyo hana lawama. Iko ya mtu ambaye kujua kwake kulikuwa umbali wa kuinama na kutazama. Ya pili si udhuru. Kila ninywapo mimi, nimekwisha kupewa habari kwamba na yeye yataka anywe.

Historia ya nchi zetu inayo habari moja ya namna hii. David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, alipoingia bara kutoka mto Ruvuma mwaka wa 1866 alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya aitwaye Chitane. Mwenyewe ameandika katika shajara yake kwamba mbwa huyo aliusimamia msafara wote: akikimbia mbele kumwona wa kwanza, akirudi nyuma kumbwekea wa mwisho aliyechelewa, na akilinda kibanda. Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kusini ya Ufipa, walivuka mbuga ya Chimbwe iliyofurika, upana wake kama maili moja, maji yakiwafika kiunoni na mashimo chini. Livingstone alitangulia, akasahau kutoa agizo juu ya mbwa. Kila mtu alikuwa akishughulika asianguke na mzigo wake. Chitane aliogelea kati yao mpaka akafa, na hakuna aliyemwona. Si kiu iliyomwua bali maji, na katika msafara ule hapakuwa na mtu katili hata mmoja. Kila mmoja alidhani, kama alidhani lolote, kwamba mwingine amemtazama. Mwaka wa 1872, katika safari yake ya mwisho, Livingstone alipita katika nchi ya Ufipa yenyewe, kando ya Ziwa Tanganyika, bila Chitane.

Linganisha na jambo walilolisimulia waandishi wa Sira, miongoni mwao Al-Waqidi. Mwaka wa 8 Hijriya Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda Makka na jeshi la watu elfu kumi. Njiani aliona jike la mbwa amelala na watoto wake wakimnyonya. Alimwamuru sahaba Juail bin Suraqa asimame mbele yake, ili askari yeyote asije akamsumbua yeye wala watoto wake mpaka jeshi lipite. Mwenye jeshi la elfu kumi anayo mengi ya kufikiri. Yeye hakuwaambia watu wote kwa jumla kwamba wawe na huruma; alimtaja mtu mmoja kwa jina lake, akampa kazi. Hilo ndilo lililokosekana Chimbwe, na ndilo lililokosekana katika safari yangu. Huruma ya wote kwa jumla yaweza kupita kando ya mbwa anayekufa.

Wasomaji wetu waliokulia katika Ukristo, ambao katika Ufipa ni wengi, watakumbuka kitabu cha Tobiti kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki. Kijana Tobia asafiri mbali kwenda Umedi pamoja na malaika, na mbwa aenda pamoja nao. Warudipo, mbwa yuko nyuma yao. Kitabu hakisemi ni nani aliyemlisha. Lakini amefika na amerudi, basi mtu alimlisha. Na katika Sura Al-Kahf, pale watu wanapobishana juu ya hesabu ya wenye pango, kama walikuwa watatu au watano au saba, katika kila hesabu mbwa wao huongezwa. Wafasiri wetu huwaeleza watu hao kuwa Wakristo wa mwanzo waliojificha kwa kuteswa, na mbwa akiwa mlinzi wao mlangoni. Idadi yao yabishaniwa. Kuwamo kwa mbwa hakubishaniwi.

Laiti mtu angaliuliza sasa swali la mwisho, lile la kikatili: maji yakiwa ya mmoja tu, mtu au mbwa? Jibu la sheria liko wazi, uhai wa binadamu hutangulia, wala sioni haja ya kulizungusha. Ila naona kwamba swali hilo huulizwa mahali pasipo pake. Huulizwa juu ya ukingo, chupa ikiwa tupu, ilhali lilikuwa limejibiwa alfajiri mlangoni, pale vidumu vilipokuwa vikijazwa. Anayejua kuwa maji hayatoshi wawili akamchukua wa pili, amekwisha kuchagua. Sheikh Izz bin Abdus-Salaam, aliyefariki mwaka wa 1262, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu, alisema mwenye mnyama humgharimia hata akizeeka au kuugua asiwe na faida tena. Ikiwa asiye na faida anadai, je, yule aliyekubwekea msituni?

Kwa hiyo, ndugu yangu mwuliza swali, jibu langu ni kwamba ni deni. Na kwa kuwa deni lataka kulipwa kwa vitu, si kwa maneno, nakuandikia haya machache niliyofundishwa baadaye na yule mzee na na bwana mifugo mmoja.

Mlishe chakula chake kikubwa jioni ya kuamkia safari. Asubuhi mpe kidogo tu, wala msiondoke papo hapo. Mbwa akijaza tumbo kisha akakimbia aweza kupata msokoto wa tumbo ambao huua. Njiani mpe vipande vidogo mnapopumzika. Ugali wa pumba peke yake haumtoshi kwa mwendo mrefu. Mafuta ndiyo yampayo nguvu ya kudumu, basi changanya dona na dagaa wa Ziwa Tanganyika, na kama wametiwa chumvi uwaloweke kwanza, usije ukamwongezea kiu. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika kama sindano. Vitunguu humharibu damu.

Maji mpe kidogo kidogo, kila unywapo wewe. Asipotaka, loweka mkono wako alambe. Mwekee chombo chake peke yake. Bakuli la plastiki halina uzito. Hivyo utakuwa umeondokana na shaka ya chombo kilicholambwa na mbwa, ambacho Mtume (s.a.w.) aliagiza kioshwe mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Mshike fizi kwa kidole: zikiwa kavu na za kunata, amechelewa kunywa. Weka kiganja chako juu ya njia ya mawe. Ukishindwa kukiacha kwa kuhesabu mpaka tano, nyayo zake nazo zinaungua. Akiyumba, simama hapo hapo kivulini, mlowe tumbo, mapaja ya ndani na nyayo, mpepee, na umpe maji kwa matone. Nenda alfajiri, na saa za jua kali mpumzike. Na kabla ya hayo yote mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, maana hiyo ni haki ya majirani zako.

Mimi bado hupita njia ile. Siku hizi huchukua vidumu viwili, na katika kimoja nimefunga bakuli kwa kamba. Yule mzee wangu bado yu hai, na mara nyingine huniruhusu kulala kwake kabla ya safari. Sikujua alizeeka. Alfajiri alikuwa akiamka nikisikika nafunga mizigo, akinisindikiza mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji, akaketi hapo akinitazama, kisha akarudi.